Lenzi ndefu kwenye njia ya wapagazi

Jamaa mmoja wa Tabora mjini anauza lenzi mbili za Hasselblad: Sonnar ya milimita 150 na Sonnar ya milimita 250. Pesa yangu inatosha moja tu. Amenipa nizijaribu, nikazunguka nazo Ntalikwa siku mbili, na badala ya kufikiria vioo nikajikuta nafikiria historia.

Maana huku ni nchi ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji walipita wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mwaka 1860 Speke na Grant walipojiandaa Unguja, kamera ilikuwa miongoni mwa vitu vyao. Siku zile picha ilipigwa kwenye bamba la kioo lililoloweshwa kemikali, na lilitakiwa lisafishwe papo hapo, ndani ya hema la giza, kabla halijakauka. Speke akaona joto la hema lile litamuua mwenzake. Kamera ikarudishwa Unguja. Walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Januari 1861, Grant alikuwa akichora kwa mkono.

Lenzi ya telefoto yenyewe ilizaliwa 1891, pale Dallmeyer wa London na Wajerumani wawili, Miethe na Steinheil, walipoibuni kila mmoja kivyake. Siri yake ni vioo vya nyuma vinavyotawanya mwanga, hivyo lenzi inavuta mbali bila kuwa ndefu kama bomba. Reli ikafika Tabora 1912, na kazi ya mpagazi ikaanza kufifia. Kwa hiyo lenzi ndefu na misafara vilikutana miaka ishirini hivi tu. Lakini tusiisingizie lenzi. Picha za wapagazi nilizowahi kuziona zinawaonyesha kwenye foleni, kichwani mzigo, hakuna jina. Umbali ule aliuweka mpiga picha mwenyewe.

Turudi kwenye hesabu. Filamu ya 120 katika kamera hii inatoa picha 12 za mraba, kila upande milimita 56. Mtu mzima akisimama, nikitaka aenee na nafasi kidogo juu na chini, lenzi ya kawaida ya 80 inaniweka mita 3 kutoka kwake. Ya 150 inaniweka mita 5 na ushee. Ya 250 inanipeleka karibu mita 9. Nikitaka kichwa na mabega tu, ya 150 ni mita 1.6, ya 250 ni mita 2.7. Na ya 250 bila stendi ya miguu mitatu ni kamari: mkono ukitikisika kidogo tu, picha imekwenda.

Siku ya pili nilimwona mzee mmoja akitoka porini na mzinga wa nyuki begani. Mwanga mzuri, miti nyuma yake imejibana. Nikafunga ya 250, nikasimama mbali, nikabonyeza. Kamera hii ina kishindo, akageuka.

“Mbona unanichungulia, mjukuu wangu? Sogea tusalimiane.”

Niliona aibu, jamani. Nikasogea. “Mwangaluka, babu.” Akaitikia, akautua mzinga, akaniuliza nimetoka wapi na ile ni mashine gani. Nikamweleza, nikaomba ruhusa, nikabadilisha lenzi. Kwa ile ya 150 alisimama vile alivyotaka yeye: mzinga chini, mikono mitupu, macho kwangu. Mimi nilikuwa nautaka ule mzigo uonekane begani. Yeye hakutaka.

Sisemi ya 250 haina kazi. Ukiielekeza kwenye mstari wa miembe ya zamani inaisogeza miti pamoja, na barabara unaiona kama aliyechoka anavyoiona: ndefu, haiishi. Hilo ya 150 haliwezi vizuri, na nitalikosa.

Ila nachukua ya 150. Mita 5 mtu anasikia ukimwita, na anaweza kukujibu hapana. Kwenye njia hii watu wamebeba mizigo ya wengine vya kutosha. Nisiwabebeshe na picha wasiyoitaka. Filamu yenye picha zote mbili za babu bado sijaisafisha. Ile ya kwanza sitaichapisha. Ya pili nitampelekea mwenyewe, nimkabidhi mkononi.