Simba Aliyepitia Arusha

Mkusanyo wa nyimbo teule hupanga zilizopendwa, na mara nyingi haujali ipi ilitangulia. Kaseti ninayosikiliza hapa Kikwe, ya Simba Wanyika, haina mwaka hata mmoja. Ndiyo maana vijana hunibishia kwamba hao ni Wakenya tangu asili.

Wilson na George Peter Kinyonga ni wana wa Tanga. Walipigia Jamhuri Jazz ya huko huko, na mwaka 1970 wakaja Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, palipokuwa na kampuni za santuri, wakawa Simba Wanyika. Kipindi cha Arusha hakimo katika kaseti yangu, nami naona hasara hiyo ni kubwa kuliko wimbo wowote uliorukwa.

Pengo jingine ni la mwaka 1978. Omari Shabani, mpiga gitaa la rithim, aliondoka na wenzake wakaanzisha Les Wanyika, na mwaka 1979 “Sina Makosa” ikavuma. Isikilize vizuri, msomaji: vyombo vichache, besi haina haraka, kila gitaa linampisha mwenzake. (Wacheza dansi wa rika langu wanajua ninachosema.) Ukiirudia Simba Wanyika baada ya hapo, utalisikiliza solo la Wilson kwa sikio jingine.

George naye aliunda Jobiso. Alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo.