Ushujaa wa Maria katika "Sambizanga"

Aghalabu shujaa wa senema hujulikana kwa silaha aliyoishika. Sarah Maldoror, katika filamu yake Sambizanga ya mwaka 1972, alimpa Maria swali tu.

Habari yenyewe ni ya Angola ya mwaka 1961, chini ya utawala wa Wareno. Domingos, mumewe Maria, akamatwa na polisi wa siri. Maria amfunga mtoto mgongoni, ashika njia kumtafuta. Kila ofisi afikayo auliza mumewe yuko wapi, nayo humfukuza au humpeleka kwingine. Huko gerezani Domingos ateswa ili awataje wenzake, naye akataa mpaka kufa.

Yamkini mtu atasema Maria alishindwa, kwani alimkuta mumewe amekwisha kufa. Lakini historia huandika kwamba gereza la Luanda lilishambuliwa tarehe 4 Februari 1961, na aghalabu hutaja wanaume walioshambulia. Waliozunguka milangoni kabla ya siku hiyo, wakiuliza, hawatajwi. Filamu hii iliwatia katika kumbukumbu miaka mitatu kabla Angola haijapata uhuru. Serikali iliyoogopa kumjibu mwanamke mmoja ilikuwa imekwisha kuudhihirisha udhaifu wake.