Mgomba na Mkunguwe

Wahenga walinena kwamba mgomba haushindwi na mkunguwe. Katika nchi ya Wahaya, Bukoba na Muleba, usemi huo huonekana kwa macho. Nyumba husimama ndani ya kibanja, migomba ikaizunguka, mibuni ikastawi kivulini, na wazee waliotangulia wamelazwa humo humo. Kibanja hutaka samadi, nyasi za kufunika ardhi, na mikono kila siku. Kila aondokaye humwachia mwingine zamu yake.

Na kuondoka si jambo la jana. Kahawa iliyoleta neema katika miaka ya 1920 ilianguka bei katika miaka ya 1930, na jamaa nyingi zikaelemewa. Wanawake wa Kihaya wakashika njia ya Kampala na Nairobi, ambako mtaani Pumwani waliitwa Waziba. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza kwamba wengi wa waliouza miili yao huko walipeleka fedha kwao ili kuyainua mashamba ya baba zao. Hivyo waliotukanwa mjini ndio walioyategemeza makwao.

Baadaye vijana walifuata shule na kazi Mwanza na Dar es Salaam, wengi wao kwa meli. Kisha likaja pigo jingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta virusi kwa watu wazima 24 katika kila 100 mjini Bukoba, na 10 katika kila 100 vijijini Bukoba na Muleba. Mji ulichukua wenye nguvu. Maradhi yakachukua wengine wa rika lile lile.

Hata hivyo nchi haikuwa tupu. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Muleba na watu zaidi ya 600,000. Tatizo basi si idadi, bali ni rika: katika nyumba nyingi bibi alibaki na wajukuu, na kati yao pakawa na pengo.

Mgomba uliolemewa na mkungu huegemezwa kwa mti. Fedha zitokazo mjini ni mti huo, nazo zimezuia mianguko mingi. Lakini mti haupalilii, wala haumwonyeshi mtoto mpaka wa kibanja na makaburi ya babu zake. Kazi hiyo hungoja mtu.