Mfongo, Haki na Kibali: Maneno Matatu ya Utawala wa Maji Kilimanjaro

Mwenye kutaka kujua historia ya utawala wa maji aghalabu huanza na sheria na ramani. Katika makala hii nitaanza na maneno, kwa kuwa kila utawala uliopita juu ya mito ya Kilimanjaro uliacha neno lake, na kila neno lilibeba fikira yake kuhusu mwenye maji ni nani.

Neno la kwanza ni mfongo. Ndivyo Wachagga waitavyo mfereji utoao maji katika mito ya mlimani na kuyafikisha kwenye vihamba vya migomba. Mifongo ilikuwako kabla ya utawala wa wageni. Charles Dundas, afisa wa serikali ya Kiingereza, aliieleza kwa sifa katika kitabu chake cha mwaka 1924. Lakini mfongo si njia ya maji tu. Ndani ya neno hili mna ukoo wa aliyeuchimba, mzee anayeusimamia, siku za kuuzibua, na zamu. Asiyekwenda kazini hukosa maji au hutozwa faini. Mto ukipungua, zamu nazo hupunguzwa, na upungufu humfika kila mmoja. Yafaa tukumbuke kwamba utaratibu huu haukuwa na usawa kamili, kwani wanawake hawakuhesabiwa katika baraza la mfongo. Hata hivyo, ulijua namna ya kugawa uhaba.

Neno la pili ni haki. Sheria ya mwaka 1948 iliyaweka maji yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1974 iliyafanya kuwa mali ya Jamhuri, na mtumiaji akapewa haki ya maji kwa hati. Neno la tatu, kibali, lilishika nafasi hiyo katika sheria ya mwaka 2009. Mabadiliko haya si madogo. Haki ni kitu anachoweza mtu kukidai kuwa chake. Kibali chatokana na kukubali, na mahali penye kukubali lazima awepo mkubaliwa na mkubali. Aliye juu ndiye atoaye, naye aweza kuondoa.

Sheria hiyo ya 2009 haikuzisahau haki za kimila, ilizitambua. Lakini kibali huandika kiasi cha maji, kana kwamba mto ni pipa lenye alama. Zamu hugawa maji yaliyopo. Kibali hugawa maji yaliyoandikwa. Katika miaka ya mvua nyingi tofauti hii haionekani. Katika miaka ya ukame ndiyo kiini cha ugomvi.

Na miaka hiyo haitabiriki tena. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako kileleni mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Wengi hudhani kwamba barafu ndiyo mama wa mito, lakini wataalamu wameonyesha kwamba maji mengi hutoka katika mvua na ukungu wa msitu. Basi msitu ukiungua au ukikatwa, hasara yake ni kubwa zaidi. Maji hayo hayo yanangojewa na bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na wakulima wa tambarare, hata mto unapoingia baharini. Mzee wa mfongo hawezi peke yake kuamua kati ya wote hao. Ndiyo maana Bonde la Pangani lina bodi yake ya maji, na chini yake jumuiya za watumia maji.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliamua kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Sisi wanalugha tumekabidhiwa kazi hapo, nayo haiishii katika kutafuta kisawe cha kila neno la Kiingereza. Msamiati wa sheria ya maji ukiwa na kibali na usiwe na zamu, mkulima ataisoma sheria kwa lugha yake mwenyewe, wala hataona ndani yake jambo alilolijua tangu utotoni: kwamba maji yakipungua, hupungua kwa wote.