Mpangilio wa Zana katika Mbizi za Mapangoni

Kwa mtu aliye juu ya nchi kavu, pumzi ni mali asiyoihesabu. Kwa mpiga mbizi aliye ndani ya pango lililojaa maji, pumzi ni akiba iliyopimwa, na mahali ilipofungwa mwilini ni jambo la uhai na mauti. Ndiyo sababu swali linaloweza kuonekana dogo, yaani kama wapiga mbizi wote wavae zana zao kwa namna moja au kila mtu kwa namna yake, limezusha mabishano makali ambayo mgeni hushindwa kuyaelewa.

Katika siku za kofia ya shaba swali hilo halikuwa na nafasi. Vazi la Augustus Siebe, lililopata umbo lake kamili katika miaka ya 1830, lilimfunga mpiga mbizi kwa bomba la hewa na watu waliosukuma pampu juu yake. Kanali Charles Pasley wa jeshi la Uingereza, alipoanza mwaka 1839 kuyaondoa mabaki ya meli ya Royal George huko Spithead, alijaribu mavazi zaidi ya aina moja, kisha akalichagua la Siebe. Serikali ndiyo iliyonunua na serikali ndiyo iliyochagua. Mpiga mbizi alivaa alichopewa. Mambo yaligeuka mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza huko Ufaransa kipumulio kilichompa mtu hewa kwa kadiri alivyoivuta kutoka katika mtungi alioubeba mwenyewe. Mpiga mbizi akawa huru, na uhuru ukazaa ubunifu wa kila namna: huyu alifunga kurunzi kichwani, yule kiunoni, huyu alining'iniza kipumulio cha akiba ubavuni, yule hakuwa nacho kabisa.

Gharama ya uhuru huo ilionekana waziwazi kaskazini mwa Florida, katika chemchemi zinazotoka ndani ya mawe ya chokaa. Maji yake ni maangavu mno, na uangavu huo uliwavuta ndani vijana wasiojua kwamba teke moja la pezi laweza kutibua tope na kuifanya njia ya kurudi isionekane. Mamia wamekufa maji katika mapango hayo tangu miaka ya 1960. Sheck Exley, mpiga mbizi aliyekuwa bingwa wa zama zake, alivichunguza vifo hivyo kimoja kimoja, na mwaka 1979 akatoa kijitabu kuonyesha kwamba vingi vilirudia makosa yale yale: watu hawakutandaza kamba kutoka mdomo wa pango, walikwenda chini kupita kiasi, au hawakuacha theluthi mbili za hewa yao kwa safari ya kutoka. Yafaa kuangalia kwamba Exley alisanifisha mwenendo kabla ya mavazi. Utaratibu huo ulikuwa wa busara, na baadhi ya waliomfuata waliusahau.

Mavazi yalipata mwalimu wake katika William Hogarth Main, mpiga mbizi wa Florida aliyekuwa na tabia ya kuondoa kila kitu kisicho na kazi. Mpango ulioitwa kwa jina lake la katikati ulikuwa wa mitungi miwili mgongoni, bamba gumu na ukanda mmoja usiokatwa. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa ni mpira wa hewa. Desturi ya kawaida ilikuwa kumpa mwenzako kipumulio cha akiba. Lakini aliyeishiwa hewa hatafuti akiba. Hunyakua kile anachokiona kikitoa mapovu, nacho kimo kinywani mwa mwenzake. Basi mpango huu ulikubali tabia ya binadamu badala ya kuipinga. Kipumulio cha kinywani kiliunganishwa na mpira wa futi saba, nacho ndicho kilichotolewa. Mtoaji akachukua cha pili, kilichofungwa chini ya kidevu chake. Urefu wa mpira uliwawezesha watu wawili kutoka mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba. Manufaa hayo yote hutegemea sharti moja: kila mtu katika kundi awe amevaa vivyo hivyo, hata mkono ujue pa kwenda gizani.

Katika miaka ya 1990 kundi la Woodville Karst Plain Project, chini ya George Irvine, liliufanya mpango huo kuwa sheria. Mwaka 1998 Irvine na Jarrod Jablonski waliingia zaidi ya kilometa tano ndani ya pango la Wakulla, kwenye kina cha karibu mita 90. Safari kama hiyo huhitaji wasaidizi wengi na mitungi mingi yenye mchanganyiko mbalimbali wa gesi, na gesi ifaayo karibu na uso wa maji huweza kuua kilindini. Kwa hiyo kila mtungi uliandikwa kwa tarakimu kubwa kina ambacho haukuruhusiwa kuvuka. Hapo usawa wa zana haukuwa fahari bali hitaji. Lakini njia hiyo ilipewa jina lenye maana ya kufanya ipasavyo, na kwa neno hilo peke yake kila mwenye njia nyingine akawa amehukumiwa. Lugha ya Irvine ilikuwa kali, na wengi waliukataa mpango kwa kuchukizwa na ulimi uliouleta.

Wengine waliukataa kwa hoja. Huko Uingereza, ambako Cave Diving Group kiliundwa mwaka 1946, mapango ni membamba, ya baridi na yenye maji machafu. Mtu hutambaa na mitungi yake katika vijia vikavu kabla ya kufika majini, na mara nyingi huzama peke yake kwa kuwa mwenzake hana nafasi ya kumsaidia. Huyo huvaa mitungi ubavuni, kila mmoja na kipumulio chake, naye ndiye mwokozi wake mwenyewe. Kumwambia abebe mitungi miwili mgongoni ni kumwambia asiingie.

Katika miaka ya 1980 wapiga mbizi wa Florida yenyewe, Woody Jasper akiwa mmoja wao, walishika njia ya ubavuni ili kupenya penye dari ya chini. Global Underwater Explorers, chama alichokianzisha Jablonski mwaka 1998 juu ya msingi wa mpangilio mmoja, nacho kimekuja kufundisha mitungi ya ubavuni. Na wengi wanaovaa ubavuni wanapozama mapangoni pamoja na wenzao hufunga kwenye mtungi mmoja mpira wa futi saba.