Panga hukata: kuhusu istilahi «maelezo ya zana»

Mkulima wa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ukimwambia kwamba panga hukata, hujamwambia kitu. Lakini mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba, ulipoingia kwenye vibanja vya wilaya hiyo katikati ya miaka ya 2000, miaka michache baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, mabwana shamba walilazimika kuanza upya kuieleza zana ambayo kila mtu alikuwa ameishika tangu utotoni. Panga likikata mgomba mgonjwa hubeba utomvu wenye vimelea hadi kwenye mgomba mzima. Kwa hiyo ua dume usilikate kwa panga: linase kwa mti wenye panda, zungusha, livunje. Na panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe kwenye moto au kwenye maji ya jiki kabla halijagusa mwingine. Panga lilikuwa lile lile. Maneno yaliyoongezwa yalihusu wapi lisipelekwe.

Habari hiyo hunijia kila ninapoulizwa maana ya «maelezo ya zana» katika lugha ya akili mnemba.

Siku hizi zipo programu ambazo hazikomei kujibu maswali. Hutafuta bei, hutuma ujumbe, hujaza fomu. Huitwa mawakala. Najua kwamba kwa Mtanzania neno hilo huleta kwanza sura ya mtu wa kibandani, mwenye mwavuli, daftari na simu tatu, anayeweka na kutoa pesa. Sioni ubaya wowote. Naye hutenda kwa niaba ya mwingine, ndani ya mipaka aliyopewa, na akikosea namba moja hela imekwenda kwa mtu asiyejulikana.

Zana ya wakala wa kompyuta ni kipande cha programu anachoweza kukiita kimfanyie kazi. Modeli ya lugha, ambayo ndiyo akili ya wakala, kwa kawaida haioni msimbo wa zana hiyo. Hupewa jina lake, aya fupi ya maelezo, na orodha ya taarifa zinazotakiwa kujazwa. Kwa kusoma hayo tu huamua iite zana ipi na ijaze nini. OpenAI ilifungulia watengenezaji programu njia hii Juni 2023. Novemba 2024 Anthropic ikatoa Model Context Protocol, utaratibu wa wazi unaowezesha zana iliyotengenezwa na kijana wa Bukoba kutumiwa na modeli ambayo hajawahi kuijaribu. Hapo yule kijana hayupo tena pembeni kusema «hapana, si hivyo». Ipo aya yake peke yake.

Kwa nini zana, na si kifaa? Kifaa siku hizi ni kitu cha kushikwa: simu, redio, kipima joto. Zana imebaki pana. Tuna zana za kilimo, lakini pia zana za kufundishia, na humo wimbo unaweza kuhesabiwa. Kuhusu «maelezo», wengine hupendelea «maelekezo», na ninawaelewa, kwa kuwa aya hizi zina amri ndani yake. Hata hivyo kueleza kumezaliwa na kuelea, na kuelea ni kukaa juu ya maji na pia kuwa wazi akilini. Tunasema jambo halijanielea. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kamusi kuona uhusiano wa maana hizo mbili. Maelekezo hukuonyesha njia. Maelezo hukileta kitu juu ukione. Wakala anahitaji kukiona kwanza.

Tuchukue mfano wa kahawa. Mtu ameunda zana akaiita tafuta_bei, na maelezo yake ni haya: «Hutafuta bei ya kahawa.» Mkulima anauliza kahawa ni shilingi ngapi leo Muleba. Ipi? Robusta au arabika? Ya maganda au safi? Maganda yakikobolewa hupoteza karibu nusu ya uzito, hivyo anayelinganisha bei hizo mbili bila kujua atadhani kaibiwa, au atadhani katajirika. Wakala hatashtuka. Atachukua tarakimu ya kwanza aliyopata na kuitoa kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Mimi ningeandika hivi: «Hutoa bei ya kilo moja ya robusta ya maganda, kwa shilingi za Tanzania, katika mnada wa mwisho wa chama cha msingi kilichotajwa, pamoja na tarehe ya mnada huo. Usiitumie kwa arabika, kwa kahawa safi, wala kukisia bei ya kesho. Kama hakuna mnada uliofanyika, hujibu ‹hakuna›. Usisome jibu hilo kuwa ni sifuri.» Sentensi ya kwanza ni panga hukata, ila limenolewa. Zinazofuata ndizo mti wenye panda, na ndizo ambazo waandishi wengi huziruka, kwa kuwa mtengenezaji wa zana huona aibu kuitajia kasoro zake.

Halafu kuna nafasi za kujaza, ambazo zina mitego ya kwetu wenyewe. Ukiandika «wilaya» na mtu akajibu Bukoba, umepata nini? Ipo Manispaa ya Bukoba na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, ambayo watu huiita Bukoba Vijijini, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kipo kwenye hiyo ya pili. Bora nafasi iitwe «halmashauri», na majina yote manane ya mkoa wa Kagera yaorodheshwe wakala achague.

Saa ni mbaya zaidi, maana kosa lake halionekani. Mkulima akisema akumbushwe mnada saa mbili asubuhi, zana inayodai tu «saa» inaweza kujazwa 02:00, na simu ikalia usiku wa manane nyumba nzima imelala. Maelezo ya nafasi hiyo hayazidi mstari mmoja: «Andika kwa mfumo wa saa 24, saa mbili asubuhi kwa Kiswahili ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, kama mtu hakutaja asubuhi wala usiku, muulize.»