Amana kwa Aliyeanguka: Toba, Neema na Kurudi Kundini

Ni maswali machache yaliyolirarua Kanisa la karne za mwanzo kama hili: mtu aliyekwisha kubatizwa, akaijua kweli na kula meza moja na ndugu zake, kisha akaanguka anguko la wazi lisilo na udhuru, afanywe nini? Majibu mawili huja upesi midomoni. Wapo wasemao kuwa yaliyopita si ndwele, basi lisitajwe tena wala kuchunguzwa; na wapo wasemao kuwa asamehewe, naam, lakini akae nyuma, asikabidhiwe kitu, na macho ya watu yasimwondokee mpaka siku ya kufa kwake. Nasadiki kuwa majibu haya, ijapokuwa yanapigana, yanakosea mahali pamoja, kwa maana yote mawili humwacha aliyeanguka bila kazi. Hoja yangu ni kwamba neema, kama ilivyo katika Injili na kama Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walivyojifunza kwa machungu katikati ya karne ya 3, humjia mwenye kuanguka kwa sura ya amana: hukabidhiwa watu wa kuwahudumia kabla hajatoa ithibati ya kustahili, na ni katika kuibeba amana hiyo ndipo anapokua.

Kisa cha Petro kinajulikana mno, hata tumezoea kukipita mbio. Injili zote 4 zinasimulia jinsi alivyomkana Bwana wake, lakini ni Yohana peke yake anayetaja kuwa moto aliokuwa akiuota uani mwa kuhani mkuu, usiku ule wa baridi, ulikuwa moto wa makaa. Na ni Yohana huyo huyo anayesimulia kwamba baada ya kufufuka kwake Bwana aliwangoja wanafunzi ufuoni mwa bahari ya Tiberia, mbele yake pana moto wa makaa, na samaki, na mkate. Katika Agano Jipya zima moto wa makaa hautajwi mahali pengine. Basi mbele ya moto wa namna ile ile aliomkania, Petro anaulizwa mara 3 kama anapenda, na kila ajibupo hasomewi taksiri zake wala hapigwi begani kwa maneno ya pole, anakabidhiwa kondoo. Hapangiwi muhula wa kujaribiwa. Wala hakutoka pale akiwa mtu asiyetikisika, kwani Paulo anawaandikia Wagalatia kuwa huko Antiokia Petro alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwahofu waliotoka kwa Yakobo, na hofu hiyo ya macho ya watu ndiyo iliyomwangusha uani. Alikemewa hadharani, akasikia uchungu wake bila shaka, lakini kondoo hawakunyang'anywa mkononi mwake.

Hapa hatuna budi kumtazama Yuda, jambo ambalo wahubiri wengi hulikwepa. Mathayo anasema kuwa alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha, na kukiri kwa kinywa chake kuwa ameisaliti damu isiyo na hatia. Tukipima toba kwa matendo yanayoonekana, Yuda alifanya mengi kuliko Petro, ambaye alitoka nje akalia tu. Lakini Yuda alipeleka ungamo lake kwa wakuu wa makuhani, nao wakamjibu kuwa hilo ni shauri lake mwenyewe. Akaondoka peke yake, akaenda kujinyonga. Petro naye alikuwa angali katikati ya wenzake, na aliposema anakwenda kuvua, wakafuatana naye. Hukumu ya mwisho juu ya Yuda ni ya Mungu, nami siingii humo. Nasema tu kwamba majuto ya kweli yanaweza kumuua mtu asiyepata wa kumpokea, na kwamba mlango aliougonga Yuda ulikuwa wa watu wa dini.

Yohana Marko ni habari fupi zaidi. Aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perga ya Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Na safari ya pili ilipopangwa Paulo akakataa katakata kufuatana naye, wakashindana na Barnaba hata wakaachana njia. Barnaba akamchukua kijana huyo, wakatweka kwenda Kipro. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo akiagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Zingatia kuwa Barnaba hakungoja kijana athibitike ndipo amchukue. Na ikiwa ni sahihi habari aliyoiacha Papias mwanzoni mwa karne ya 2, ya kwamba Marko aliyaandika aliyoyasikia kwa Petro, basi simulizi kali la kumkana Bwana limetufikia kwa kinywa cha mtu aliyeanguka na kwa kalamu ya mwingine aliyepata kukimbia, wala hakuna kati yao aliyeona haja ya kulifunika.

Lakini mahali ambapo suala hili lilipimwa kwa umma mzima wa waumini, si kwa mtu mmoja mmoja, ni Karthago. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru wakazi wa dola yake watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa waliowekwa kusimamia, na kila aliyetii akapewa hati. Baadhi ya hati hizo zimehifadhiwa katika mchanga mkavu wa Misri. Ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1893, ni ya mzee wa miaka 72 aitwaye Aurelius Diogenes, na mwandishi wa serikali hakusahau kuandika kuwa ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Mzee huyo anaeleza kuwa siku zote ametoa sadaka, na kwamba sasa, mbele ya macho ya wasimamizi, amemwaga kinywaji na kuonja nyama, akiomba wamtilie sahihi. Hatuna ushahidi kuwa alikuwa Mkristo. Lakini karatasi za namna hiyo ndizo Wakristo kwa maelfu walizozitafuta, wengine kwa kutoa sadaka kwelikweli, wengine kwa kufukiza ubani tu, na wengine kwa kumhonga ofisa awaandikie kuwa wametoa ilhali hawakutoa.

Cyprian, askofu wa Karthago, ameeleza jinsi umati ulivyopanda hekaluni bila hata kuvutwa, wengine wakiwachukua watoto wachanga mikononi, na jinsi mahakimu walipotaka kuwaahirisha watu mpaka kesho kwa sababu jua limekuchwa, watu wakawasihi wasiahirishwe. Yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amejificha nje ya mji, akiliongoza kundi kwa nyaraka, na makasisi wa Roma waliliandikia Kanisa lake maneno yaliyomchoma kuhusu mchungaji anayekimbia. Nalitaja hili kwa kuwa mtu aliyekuja kuamua mashauri ya walioanguka hakuwa ameketi juu ya kilele kisichofikiwa na lawama.

Waliosimama imara, wakafungwa na kuteswa, walianza kugawa barua za amani kutoka gerezani, wakiamuru mwenye barua apokewe mara moja. Cyprian akaona kuwa msamaha unaogawiwa hivyo, bila toba wala kusikiliza kila shauri, unamdhulumu hata huyo anayeupokea. Upande wa pili, huko Roma, akasimama Novatian, aliyejitenga na askofu Cornelius mwaka 251 na kufundisha kuwa Kanisa linaweza kumwombea aliyemkana Kristo lakini halina ruhusa ya kumrudisha mezani. Si haki kumdharau Novatian. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, aliogopa kuwa damu ya mashahidi itafanywa rahisi, na jumuiya zilizomfuata zilidumu karne kadhaa kwa maisha ya adili. Walakini alisahau kuuliza mtu hupataje nguvu ya kusimama mara ya pili.

Swali hilo lilijibiwa na mtaguso wa Karthago kwa hatua mbili. Mwaka 251 maaskofu waliamua kuwa mashauri yasikilizwe moja moja: waliohonga tu ili wapate hati wapokewe baada ya kutubu, na waliotoa sadaka waendelee na toba ndefu, wapewe amani wakikaribia kufa. Muda si mrefu baadaye, chini ya Kaisari Gallus, dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu zaidi ya 40 wakabadili neno lao, wakaamua kuwa wote waliodumu katika toba wapewe amani sasa hivi. Hoja waliyomwandikia Cornelius ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jambo zima: vita inakuja, nasi twataka watu hawa wamkiri Kristo kwa kumwaga damu, tutawezaje kuwataka damu yao hali tunawanyima damu yake kikombeni? Hawakusema kuwa walioanguka wamekwisha kuthibitika. Walisema kuwa watajaribiwa tena, na kwa ajili hiyo ni lazima wapewe silaha. Kwa Novatian meza ya Bwana ilikuwa tuzo ya walioshinda, na kwa Cyprian ilikuwa chakula cha wanaokwenda vitani. Naye alikuwa na mfano wa karibu, kwani ameandika habari za Castus na Aemilius, waliolegea katika mateso ya kwanza, kisha katika ya pili wakaushinda moto ule ule uliokuwa umewashinda.

Katika nyaraka za Cyprian imehifadhiwa barua ya Celerinus, Mkristo wa Roma, inayowaombea akina dada wawili walioanguka, Numeria na Candida. Hoja yake haiko katika machozi yao tu. Anaeleza kuwa wakimbizi wa imani walipofika kutoka Karthago, wanawake hawa walishuka bandarini kuwapokea, wakawaleta mjini, na kwamba mpaka siku anayoandika wanawahudumia watu 65 kwa mahitaji yao yote. Kanisa lilikuwa bado linajadiliana kama wapokewe, na wao walikwisha kuwa mikono yake. Nikiisoma barua hiyo siwezi kuamini kuwa ukuaji wa roho ni jambo linalofanyika mtu akiwa amefungiwa pembeni. Dhamiri iliyovunjika ni kama mguu uliounganika, ambao usipokanyagiwa chini hudhoofika ukakauka.

Itasemwa, na ni haki isemwe, kuwa hoja hii ni hatari. Kuna maanguko ambayo yana watu waliodhulumiwa ndani yake: fedha za wajane zilizoliwa, mtoto aliyeharibiwa na mtu aliyeaminiwa. Je, huyo naye akabidhiwe kondoo? Mababa wa zama zile hawakuchanganya kumpokea aliyetubu na kumrudishia cheo. Trofimus, kiongozi wa Kanisa aliyeanguka na kuwavuta wengi nyuma yake, alipokewa aliporudi pamoja nao, lakini alipokewa kama muumini wa kawaida, bila daraja lake. Basilides na Martialis, maaskofu wa Hispania waliokuwa wamejipatia hati za sadaka, waliambiwa kuwa njia ya toba i wazi kwao na kiti cha uaskofu hakimo katika njia hiyo. Amana haina maana ya kurudishiwa cheo, wala haina maana ya kumweka tena mwizi penye sanduku. Zakayo alianza na mara 4 ya alichonyang'anya. Na mwenye kukataa kurudisha, au anayetaka aliyemdhulumu anyamaze ili yeye apate kuitwa aliyesamehewa, bado hajafika mlangoni. Sheria ya nchi nayo ina haki yake kwake, na Kanisa linalomficha linashiriki dhambi yake.

Afrika ya Mashariki ilipata darasa lake katika Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kupata nguvu baada ya daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi kukutana Namirembe mwaka 1929, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Katika walichokiita kutembea nuruni, wafuasi wake walikuwa wakiungama mbele ya ndugu, wakitaja dhambi kwa jina lake, wakirudisha vitu walivyoiba kwa majirani na waajiri. Wapo waliochukizwa, na kweli palikuwa na kuzidisha, na ungamo lililorudiwa kila juma likageuka kwa wengine kuwa desturi ya ulimi. Lakini ndugu wa Uamsho walilielewa jambo moja ambalo taratibu zetu za baraza la wazee zimelipoteza: aliyeungama Jumamosi alitumwa kushuhudia Jumapili.

Katika sharika zetu nyingi leo aliyeanguka hutengwa na Meza ya Bwana, na baada ya muda husimamishwa mbele ya ibada, hutajwa jina, huombewa, na kuambiwa kuwa amerudi kundini. Kisha hurudi kwenye benchi lake na hapana jingine. Mara nyingi anayesimama ni binti aliyechukua mimba, peke yake, na mwanamume aliyempa mimba hiyo ameketi miongoni mwa waimbaji. Utaratibu huu hauna ukali wa Novatian wala huruma ya Cyprian. Wazee wa kanisa wanaomrudisha binti huyo wangepaswa kuja siku hiyo na jibu la swali moja: kuanzia kesho atamhudumia nani? Pana wagonjwa wa kutembelewa, pana wageni wa kupokewa, pana wasichana wadogo kuliko yeye ambao wangemsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mchungaji. Na yule mwimbaji naye aitwe kwa jina, asimame karibu naye, akiri, achukue gharama za mtoto wake, ndipo naye atafutiwe kazi ya chini ya kuanzia, kwa maana kumwacha katika kiti chake bila kuguswa ni kumnyima neema hiyo hiyo tunayosema tumempa mwenzake.